Nani Anashika Kaye ya Mudogo Wangu?

Ndugu musomaji, wewe unayesoma ukurasa huu hapa Bunia, kule Mongbwalu, Nizi, Kilo, ao kwenye mashimo ya mbali ambako hata pikipiki inafika kwa shida, nakuomba kwanza ufanye jambo moja. Ingia chumbani, fungua ile valizi yenye karatasi za jamaa, uangalie kama kaye ya hospitali ya kila mutu wa nyumba yako iko. Iko? Basi kaa, nikuelezee kwa nini nimekuuliza.

Sisi watu wa zahabu tunajua kuchunga kitu kidogo. Tangu zahabu ilipoonekana huku Kilo mwaka 1903, wazee wetu walijifunza kuangalia mizani kwa macho mawili. Kipande kidogo kuliko mbegu ya muhindi tunakifunga ndani ya karatasi, tunakitia ndani ya mufuko wa ndani, na usiku hatulali vizuri. Lakini kaye ya mugonjwa, yenye kubeba maisha ya mutu, tunaiacha juu ya dirisha, na watoto wanapasua kurasa zake kwa kufungia karanga. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Mudogo wangu alianza kugonjwa mwaka 2015, akiwa na miaka 22. Alikuwa anachimba upande wa Mongbwalu. Kwanza usingizi ulimukimbia. Kisha akasema kwamba wenzake wa shimo wanamusikiliza ndani ya ukuta. Siku moja alitoka shimoni, akatupa nguo zake, akafuata barabara akiimba. Wengine walisema amekula zahabu ya wenyewe, ndiyo maana wamemuloga. Wengine walisema tumupeleke kwenye chumba cha maombi. Tulimupeleka, tukakaa huko majuma matatu. Mimi ningali naomba hata leo, lakini ni mama yetu aliyetufungua macho. Alisema: “Kama mutoto amevunjika muguu, munaomba na munamufunga kijiti. Na huyu pia, mumufunge kijiti.”

Hivi tukamupata munganga mumoja aliyefundishwa kutunza ugonjwa wa akili. Alimupa dawa inayoitwa haloperidol. Siku ya pili shingo ya mudogo wangu ilipinda, macho yakatazama juu, ulimi ukakauka kama ubao. Sisi tulisema: pepo zimekasirika. Munganga akasema hapana, ni dawa. Dawa ile inaweza kukaza misuli ya shingo na ya mataya, zaidi kwa vijana wanaume, katika siku za kwanza, na kuna dawa ingine yenye kulegeza misuli upesi. Akampa ile, akapunguza kipimo, akaandika yote ndani ya kaye, na chini yake akapiga mustari mwekundu: asipewe tena kipimo kile. Kisha miezi mine mudogo wangu alikuwa anauza mafuta kando ya barabara, anacheka na watu, anahesabu feza yake bila kukosea.

Munakumbuka mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa 2018 huku Djugu. Nyumba zilichomwa, watu wakakimbilia Bunia, maelfu wengine wakavuka ziwa Albert kwenda Uganda. Yetu pia iliungua, na kaye ikaungua ndani yake. Munganga yule pia alivuka ziwa, na kichwa chake kilichokuwa kinakumbuka yote kikaenda naye.

Tulipofika hapa Bunia, tukaenda kwenye kituo kimoja cha afya. Munganga mupya akauliza: “Anakunywa dawa gani?” Nikajibu: “Kinini kidogo cheupe.” Ndugu yangu, kinini cheupe viko ngapi duniani? Munganga huyo hakuwa mutu mubaya. Alikuwa na foleni ya watu mpaka inje, wote wamekimbia, hakuna hata mumoja mwenye karatasi. Akamupiga sindano ya dawa ile ile, kwa kipimo kile kile cha mustari mwekundu. Usiku mudogo wangu akashindwa hata kumeza mate. Tulimuweka katikati juu ya pikipiki, mimi nyuma namushika kichwa, tukatafuta musaada.

Alipona. Lakini asubuhi aliniambia: “Yaya, dawa ya bo, minakataa.” Akakataa karibu miaka miwili. Katika miaka ile tulimufunga kamba mara mbili. Naandika neno hili kwa haya, kusudi ujue bei ya kaye moja.

MASINI YENYE KUKUMBUKA

Sasa ni wakati wa kusema juu ya ordinateri. Watu wengi wanaona ordinateri ya hospitali kama kitu cha kujivunia, cha kuonyesha wageni. Lakini kazi yake ni kukumbuka. Programu ya kuandika wagonjwa inashika jina la mutu, siku aliyokuja, dawa aliyopewa, kipimo, na kile kilichomudhuru. Kesho akija kwa munganga mwingine, yule anafungua na kusoma.

Usifikiri ni mambo ya Ulaya tu. Kule Mosoriot, karibu na Eldoret katika Kenya, kituo cha afya cha mashambani kilianza kuandika wagonjwa wake ndani ya ordinateri mwaka 2001. Kutoka kazi hiyo kukatokea mwaka 2004 programu inayoitwa OpenMRS, ambayo hainunuliwi, na ambayo nchi nyingi za Afrika, kama Kenya na Rwanda, zimeitumia.

Katika nchi yetu pia vituo vya afya vinatuma kila mwezi rapoti ya wagonjwa, na hesabu zake zinaingia katika programu iitwayo DHIS2, iliyotengenezwa kwanza na watu wa chuo kikuu cha Oslo, Norwe. Lakini usichanganye vitu viwili. Rapoti ile inahesabu wagonjwa, haimujui mugonjwa. Inaweza kusema kwamba mwezi huu watu kadhaa walikuja kwa kifafa. Haiwezi kusema kwamba huyu mwenye shati ya kijani anakazwa shingo na haloperidol. Kwa hiyo inatakiwa programu ingine, yenye kumujua mutu.

Na kwa ugonjwa wa akili haja ni kubwa zaidi. Malaria, munganga anatoboa kidole, anaona jibu ndani ya damu. Kwa ugonjwa wa akili hakuna tone la damu lenye kusema. Habari ya mutu ndiyo kipimo: ilianza lini, alilala siku ngapi, dawa gani ilimutuliza, aliiacha lini, alianguka mara ngapi. Ni habari ya miaka. Ikipotea, munganga anaanza kubahatisha, na mugonjwa ndiye anayelipa.

Kwetu sisi kuna swali moja zaidi: mutu huyu anafanya kazi gani? Yule anayechoma zahabu iliyochanganywa na merkire anavuta moshi wake, na moshi ule unaharibu mishipa ya fahamu. Mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mutu anasahau, anakasirika bure. Akija hospitali, anaweza kuandikwa kichaa bure. Programu yenye pahali pa kuandika kazi ya mutu inaweza kumuonyesha munganga kwamba wenye kutetemeka watano wametoka pahali pamoja.

SIRI JE?

Nilipoyajua haya, nilienda mbio kwa mudogo wangu. Ilikuwa mwaka 2022. Alikuwa amekubali tena kuonana na munganga, na pale walikuwa wameanza kuandika kwa ordinateri. Nilifikiri atafurahi. Akaniangalia, akasema: “Kaye minaweza kuficha chini ya matela. Ordinateri nitaificha wapi? Batu batanicheka.”

Nikaanza kumueleza kwamba ni watu wa kazi tu watakaosoma. Akanikata: “Yaya, na wewe? Umesahau?”

Sikuwa nimesahau. Mwaka 2016, alipokuwa ametulia, tulikuwa tunapanga ndoa yake. Mali ilikuwa imeanza kutolewa. Usiku mumoja baba wa binti aliniuliza kwa upole kwa nini kijana wetu anakunywa dawa kila jioni. Ningeweza kusema: muulizeni yeye mwenyewe. Badala yake nilienda kuchukua kaye, nikaisoma mbele yao, kurasa zote, hata mambo aliyomwambia munganga peke yake, hata maneno ya zile sauti. Nilijiambia kwamba ni ukweli, na ukweli ni muzuri. Ndoa ikaisha usiku ule. Binti yule leo ni muke wa mutu mwingine, na mudogo wangu hajanena tena juu ya kuoa.

Hakuna masini iliyotoboa siri ya mudogo wangu. Ni mudomo wangu.

Lakini nisikudanganye, hofu yake si ujinga. Mudomo wangu uliharibu ndoa moja, na masini iliyofungwa vibaya inaweza kuharibu muji muzima. Kule Ufini kulikuwa na kampuni ya kutunza watu wenye shida za akili, jina lake Vastaamo. Mwizi aliingia ndani ya ordinateri zake kwa njia ya intaneti, akaiba habari za wagonjwa zaidi ya 30,000: machozi yao, ndoa zao, zambi zao, yote yaliyosemwa ndani ya chumba kilichofungwa. Mwaka 2020 aliwaandikia wagonjwa wenyewe akiwadai feza, la sivyo atayatangaza. Mwaka 2024 mutu mumoja alihukumiwa kifungo cha miaka zaidi ya sita kwa kosa hilo. Lakini siri ikiisha kutoka, hakuna tribinali yenye kuirudisha ndani.

Katika Kongo sheria iko. Kifungu cha 73 katika kitabu cha pili cha sheria ya azabu kinamuazibu mutu anayetoa siri aliyoipata kwa ajili ya kazi yake. Na tangu mwezi wa tatu mwaka 2023 kuna sheria ya mambo ya numerike, yenye kulinda habari za kila mutu. Lakini sheria haisimami mulangoni pa kituo cha afya. Wewe ndiwe unayesimama pale. Kwa hiyo, ukipeleka mutu wako, uliza bila haya:

Kwanza, nani anaweza kufungua habari hizi? Kila mufanyakazi awe na neno lake la siri, si neno moja la watu wote lililobandikwa ukutani. Na masini iandike nani alifungua, na siku gani.

Pili, umeme ukikatika ao tukikimbia tena, habari ziko wapi? Kuwe na nakala pahali pengine, iliyofungwa kwa siri, kusudi mwenye kuiba masini asiweze kusoma.

Tatu, munaandika nini? Dawa, kipimo na kilichomudhuru mutu vinatakiwa. Lakini si kila neno alilosema akiwa anagonjwa lina haja ya kuingia mule.

Ine, mugonjwa mwenyewe ameulizwa? Mutu anayeugua akili hajaacha kuwa mutu. Siku ametulia, muulizeni.

Na ya mwisho ni kwako wewe wa nyumbani. Omba munganga aandike jina la dawa na kipimo juu ya karatasi ndogo. Usirudi tena kusema “kinini cheupe” kama mimi.

Nilirudi na mudogo wangu kwa munganga yule. Safari hii nilinyamaza, yeye ndiye aliyeuliza. Munganga alimugeuzia ordinateri, akamuonyesha yaliyoandikwa juu yake, mustari kwa mustari, na majina ya watu watatu wenye kuweza kuyafungua. Mudogo wangu alisoma polepole. Kisha akasema dawa iandikwe, na ile hatari ya haloperidol iandikwe kwa herufi kubwa. Lakini habari ya zile sauti, hapana. Ile ibaki ndani ya kaye ya munganga, ndani ya kabati yenye kufuli. Munganga akakubali.

Leo anakunywa dawa, anauza mafuta kando ya barabara hapa Bunia. Siku zingine ni nzito, hatusemi uongo. Ile karatasi ndogo ameikunja ndani ya kipande cha sashe, ameifunga kwa uzi, anaitembeza ndani ya mufuko wa ndani wa shati, namna alivyokuwa anatembeza zahabu zamani.

Nilimuuliza siku moja kama naweza kuitunza mimi, kama mukubwa wake. Akacheka, akasema hapana.

Sijaisoma mpaka leo.