Kosa Halikuwa la Shangazi

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, huko Tanga. Wako wanachama 25, na sanduku lao la chuma lina kufuli tatu, kila ufunguo una mwenyewe. Mwaka 2019 nilimpelekea kompyuta iliyotumika, nikamwekea programu huria ya kutunza hesabu. Nilimpelekea kwa fahari, kwa sababu Kiswahili kilichokuwamo ndani yake nilikitafsiri mimi: jumbe zaidi ya 400, kwa wiki mbili, usiku baada ya kazi.

Kesho yake asubuhi akaniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Baba, njoo uone. Nimefanya kosa gani?"

Kwenye kioo kulikuwa na kidirisha chekundu: KOSA BATILI. 3 REKODI IMETUPWA. Maneno yale yalitoka mkononi mwangu.

Ilinichukua muda kuelewa kilichomtisha. Katika kikundi chao kosa lina faini. Ukichelewa kikao, ni kosa, unalipa. Simu yako ikilia wakati hesabu inasomwa, unalipa. Kwa hiyo alipoona neno hilo kwa herufi kubwa nyekundu, alijua anashtakiwa. Hiyo "rekodi imetupwa" nayo aliielewa kwamba hisa za watu watatu zimepotea mikononi mwake. Kumbe aliandika tarehe kwa mtindo ambao programu haikuutambua, ikakataa kupokea mistari mitatu. Hakuna hata shilingi iliyopotea. Lakini aliizima kompyuta, akavuta kaunta buku lake.

"Hili halinigombezi," akasema.

Siku hiyo ndiyo iliyonibadilisha, na ndiyo sababu naandika ushuhuda huu.

Kabla ya hapo nilikuwa nikijaza nafasi. Anayetafsiri kwa mfumo wa gettext hupewa faili lenye mistari miwili miwili: wa juu, msgid, una maneno ya Kiingereza, wa chini, msgstr, ni mtupu, unakusubiri. Mara nyingi huoni ukurasa ambao ujumbe utatokea wala humjui atakayeusoma. Nilikuwa nafungua kamusi, nachukua neno la kwanza, nashuka mstari unaofuata. Kila neno langu lilikuwa sahihi kwenye kamusi, na sentensi nzima ilikuwa haisemi Kiswahili.

Nilirudi kwenye faili lile nikaanza upya kutoka mstari wa kwanza. "Kosa" nikaliondoa kila mahali ambapo mtu hakukosa. Mashine ikishindwa, hiyo ni hitilafu, na hitilafu haina mshtakiwa. Ule ujumbe wa shangazi sasa unasema: "Mistari 3 haijahifadhiwa. Andika tarehe hivi: 25/03/2019." Ni mrefu kidogo, lakini unamwambia mtu afanye nini.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ngeli. Mwandishi wa programu huandika sentensi ya Kiingereza yenye pengo, ambayo mimi nilikuwa nimeitafsiri "%s imefutwa", na pengo hilo hujazwa na jina la chochote kilichofutwa. Kiingereza kinalivumilia pengo hilo. Kiswahili hakivumilii: malipo yamefutwa, kitabu kimefutwa, mwanachama amefutwa. Ukiacha "imefutwa" utapata "mwanachama imefutwa", na msomaji atajua papo hapo kwamba aliyeandika hakumfikiria. Dawa niliyoipata ni kugeuza sentensi ili mtendaji awe msomaji mwenyewe: "Umefuta %s." Hapo ngeli zote zinaingia bila ugomvi. Idadi nayo nikairudisha mahali pake, nyuma ya jina: "wanachama 3", si "3 wanachama". Tarakimu ni rafiki mkubwa wa mtafsiri wa Kiswahili, maana msomaji mwenyewe ataisoma "watatu", "vitatu" au "tatu" bila kuambiwa. Mahali pengine lugha yetu inatupa nafuu: kwenye jumbe za MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, mtafsiri anaweza kutenganisha mwanamume na mwanamke, jambo ambalo Kifaransa na Kiarabu vinalihitaji sana. Sisi tunaandika "amehariri" na wote wameingia.

Kuhusu istilahi niliacha ubishi. Tumepokezwa kazi kubwa na waliotutangulia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Hata hivyo, Mkenya amefundishwa "tarakilishi" shuleni, Mtanzania anasema "kompyuta", na mara nyingi faili la Kiswahili ni moja tu kwa wote wawili. Mimi siku hizi nauliza kwanza neno gani limekwisha kuingia mitaani. Pesa za simu zimetufundisha maneno mengi: salio, muamala, wakala, namba ya siri. Shangazi hajawahi kutamka "nywila", ila namba ya siri anaijua na haionyeshi kwa mtu. Hilo ndilo neno nililoweka, kwa kuwa programu ile inadai tarakimu nne tu.

Kazi hii haiishi. Mwandishi wa programu akibadilisha hata nukta kwenye Kiingereza, gettext huweza kuitia tafsiri ya zamani alama ya shaka, na isipopitiwa na mtu haitumiki. Kiingereza hurudi mahali pake. Ndiyo maana unakuta programu nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, ukadhani wenyewe wamezembea. Huenda ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiipitia, akaugua au akaoa.

Shangazi aliirudia kompyuta miezi minne baadaye, na kaunta buku bado liko pembeni yake, nami sikumwambia aliache. Sasa kila ujumbe mpya namsomea kwa simu kabla sijauhifadhi.

Programu huria haimdai mtafsiri leseni wala cheti. Ukikutana na Kiswahili kinachokugombeza, usizime kompyuta. Andika ujumbe huo kama ulivyo, andika chini yake jinsi ambavyo ungemwambia shangazi yako, halafu uwapelekee wenye mradi.