Tone moja la mafuta ya cherehani

Hapa Usevya, ukitaka kujua kuwa likizo ya Juni imefika, usitazame kalenda. Tazama ndala. Ukiziacha kuukuu mlangoni jioni, asubuhi utazikuta zimetobolewa matundu ya mviringo. Watoto wamekata magurudumu.

Mimi ni fundi baiskeli. Banda langu liko kando ya barabara, yanapopita mabasi ya Mpanda, yale yanayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yakituachia vumbi. Watoto huja kwangu kuomba spoki mbovu. Spoki hugeuka ekseli, ndala hugeuka tairi, na kipande cha mbao kutoka kwa seremala hugeuka bodi. Hapo gari limekamilika.

Mashindano hufanyika kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba. Wanalaza mabati mawili ya zamani kutoka juu hadi chini, na yale mabonde ya bati ndiyo njia ya magurudumu. Magari mawili yanaachiwa kwa pamoja, linalofika mbali zaidi linashinda.

Mwaka huu walikuja bandani na karatasi. "Baba, tunataka uwe mwamuzi," kijana wangu wa darasa la tano aliniambia. Sheria zao zilikuwa nne. Gari litengenezwe na mtoto mwenyewe. Magurudumu yawe ya ndala. Gari liachiwe, lisisukumwe. Na mafuta ya aina yoyote ni marufuku. Anayetaka kulainisha magurudumu atumie unga wa risasi ya penseli.

Ile ya nne ilinifurahisha, maana ina akili ya ufundi. Mafuta huteleza vizuri dakika ya kwanza, kisha hukamata vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa tope linalosaga ekseli. Tena hudondoka kwenye bati na kumharibia anayefuata. Grisi nayo ni nzito mno kwa gurudumu jepesi la ndala. Lakini unga wa penseli ni mkavu, unateleza na haukamati vumbi.

Baadaye nilisoma kwenye simu kwamba Marekani kuna mashindano yanayofanana na haya, ya skauti wadogo. Yalianzishwa mwaka 1953 huko Manhattan Beach, California, na baba mmoja aitwaye Don Murphy, ambaye mwanawe alikuwa bado mdogo kuingia kwenye mashindano ya magari ya kupanda. Mtoto hupewa kipande cha msonobari, misumari minne na magurudumu manne ya plastiki. Uzito wa gari kwa kawaida usizidi gramu 142. Na huko nako, mara nyingi kinachoruhusiwa ni unga huo huo mkavu. Watoto wa Usevya walikuwa wameifikia sheria hiyo bila kusoma popote.

Nikakubali kuwa mwamuzi. Usiku wake nikaivunja sheria.

Mzazi mwenzangu, sitafuti kisingizio. Kijana alikuwa amelala, gari lake liko mezani. Nikazungusha gurudumu kwa kidole, likasimama upesi. Mkono wa fundi haupendi kitu kinachokwama. Nikachukua kichupa cha mafuta ya cherehani, nikatia tone moja kila gurudumu, nikafuta kwa kitambaa. Nikajiambia kuwa ni msaada mdogo tu wa baba kwa mwanawe.

Kesho yake gari lililokuwa likipita yote lilikuwa la mtoto wa jirani, anayeishi na bibi yake. Alipokaribia fainali mwenzake mmoja akalalamika. Nikalikagua. Nikapitisha kidole kwenye ekseli, nikanusa: mafuta ya alizeti. Nikamtoa mbele ya watoto wote, nikaongeza na maneno kuhusu uaminifu. Hakubisha. Alichukua gari lake, akaliweka kwapani, akaondoka. Kijana wangu akashinda, nikamkabidhi kaunta buku la zawadi.

Jioni hakula. Aliliweka gari kando ya sahani yangu.

"Baba, nusa."

Sikuwa na haja ya kunusa.

"Ulipaka wewe?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona mwenzangu umemtoa?"

Nilimtazama mama yake nikitegemea aniokoe. Yeye akasema, "Mjibu mtoto." Sikuwa na jibu. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Siku ile nilikuwa nimeushika mpini, na mwanangu ndiye aliyenionyesha ncha.

Asubuhi nilikwenda kwa yule bibi. Nilimkuta akipepeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nilimweleza yote huku mjukuu wake akisikiliza mlangoni. Kisha nikamuuliza mtoto kwa nini alipaka mafuta ilhali sheria aliijua.

"Sikuwa na penseli ya kusaga," alisema. "Ninayo moja tu, ya shule."

Nilinyamaza. Sheria niliyoiona nzuri na rahisi ilikuwa na bei, na bei ile hatukuiona kwa sababu nyumbani kwetu penseli zipo.

Bibi aliweka ungo chini. "Umekuja kuniomba radhi mimi, sawa, nimepokea. Lakini ulimtoa mbele ya wenzake. Mrudishe mbele ya wenzake."

Kwa hiyo saa kumi jioni nilisimama kando ya kichuguu, mtu mzima na ndevu zangu, nikawaambia watoto kwamba mwamuzi amevunja sheria usiku, na kwamba gari lililoshinda lilikuwa na mafuta kama lile lililotolewa. Kijana wangu alirudisha kaunta buku bila kuambiwa. Nilitegemea wangenicheka. Waliketi chini wakaanza kupanga upya.

Kwanza walinivua uamuzi, wakampa msichana wa darasa la sita ambaye hakuwa na gari. Pili, wakaamua unga uwe wa wote: penseli moja isagwe, unga uwekwe kwenye kizibo cha soda, kila mtu apake mbele ya mwamuzi. Penseli ile nilitoa mimi. Tatu, magari yote yafutwe mafuta, kisha yalale nyumba moja usiku wa kuamkia mashindano, mzazi asiyafikie. Wakachagua nyumba ya yule bibi. Nilikuja kusoma kuwa Wamarekani nao, sehemu nyingi, hukusanya magari baada ya ukaguzi na kuyaweka mbali na wenyewe. Nadhani nao wana akina baba kama mimi.

Usiku ule mikono iliniwasha. Nikatoka nje nikatia oili mnyororo wa baiskeli ya mteja.

Mashindano yaliporudiwa, mtoto wa bibi alikuwa wa pili na wangu wa tatu. Aliyeshinda ni mtoto ambaye sikuwa hata nimeliangalia gari lake. Mwamuzi alimwonya mmoja kwa kusukuma, akarudia, akamtoa. Hakutoa hotuba yoyote.

Tukirudi nyumbani kijana wangu aliniuliza kwa nini gari lake huegemea kushoto. Nilinyoosha mkono kulichukua, nikaurudisha. Nikamwambia aweke spoki kwenye meza, aitazame kwa jicho moja kama tunavyotazama rimu. Akaona imepinda. Akaomba koleo, nikampa, nikakaa pembeni. Aliinyoosha vibaya mara mbili. Mara ya tatu ikanyooka, na gurudumu likazunguka muda mrefu kuliko lilivyozunguka kwa tone langu la mafuta.