Wiki ya Nyumbani na Mashahidi Wawili

Shule zilipofungwa mwezi wa Mei nilijiahidi wiki moja ya kukaa nyumbani bila kwenda popote. Mume wangu alikuwa kazini Gulu, karatasi zote za mtihani zilikuwa zimesahihishwa, na mtu wa pekee aliyenitegemea kwa chakula alikuwa mwanangu wa miaka minane, ambaye hurudi nyumbani pale tu tumbo linapomkumbusha. Tunaishi Jinja, mashariki ya Mto Nili, katika mtaa wa nyumba za kupanga zilizobanana kiasi kwamba jirani akikaanga kitunguu, nawe umekwisha kukila kwa pua. Huu ni mwaka wangu wa nane hapo. Iwekeni akilini idadi hiyo, wanafunzi wangu, kwa maana nitakuja kuulizwa.

Jumatatu ilikuwa siku ya raha. Nilichemsha chai ya maziwa, nikaitia tangawizi iliyopondwa, nikamtuma mwanangu kwa kijana wa chapati aliyeko kwenye kona alete ile chapati inayoviringishwa pamoja na mayai, ambayo Uganda nzima huiita roleksi. Yangu huwa na mayai mawili, nyanya tele na kabichi kidogo. Niliketi barazani, miguu juu ya kigoda, nikala polepole kama mtu asiyesubiriwa na kengele. Baadaye mvua ikaja. Mvua ya huku haina adabu ya kubisha hodi: upepo hutangulia, mlango hujigonga, kisha mabati hupiga kelele hata redio isisikike. Niliizima redio nikaisikiliza mvua. Nimewahi kuulizwa darasani tofauti iliyopo kati ya raha na starehe. Siku hiyo ningejibu kwa kukionyesha kikombe changu.

Kero nazo zilikuwapo. Umeme ulikatika jioni hiyohiyo, nami nikanyoosha nguo kwa pasi ya makaa huku nikikumbuka kwamba bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liko umbali wa safari fupi ya pikipiki kutoka mlangoni kwangu. Mtu anaweza kuishi kando ya kisima na kulala na kiu. Maji ya bomba pia yalikuwa yamenuna: nikifungua asubuhi, upepo, nikifungua jioni, upepo. Madumu mawili niliyokuwa nayo nikayatumia kwa hesabu, kikombe kwa kikombe.

Lakini kero iliyozishinda zote ilikuwa jogoo wa jirani. Jogoo huyo hawiki alfajiri kama wenzake. Huwika saa tisa usiku, karibu kabisa na dirisha langu, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Jirani mwenyewe ni mama wa makamo ambaye kwa miaka minane nimekuwa nikimpa salamu za kupita njia, wala sikuwahi kukaa kwake hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha maji. Jumanne asubuhi, macho yakiwa mekundu, niliandika rasimu ya barua ya malalamiko. Niliiandika kwa Kiswahili, lugha ambayo hasira yangu huitii zaidi. Ilikuwa rasimu nzuri, nakiri, yenye utangulizi, kiini na hitimisho, na jogoo niliyemwita “mhusika”.

Siku hiyohiyo niliamua kulitatua tatizo la maji kisomi. Ningenunua tangi la kuvunia maji ya mvua. Fedha sikuwa nazo, ila mimi ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, na fomu ya mkopo ilikuwa kabatini. Nikaijaza yote hadi mstari wa mwisho, uliodai barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwa wasomaji walio nje ya Uganda nieleze kidogo: hapa kwetu kijiji ni ngazi ya kwanza ya serikali za mitaa hata mjini. Pawe na migomba au pawe na nguzo za taa, patakuwa na kijiji, na kijiji kitakuwa na halmashauri ya watu kumi na mwenyekiti wake. Tunaiita LC1. Barua yake huhitajika katika mambo mengi, kuanzia mkopo hadi kufungua akaunti ya benki. Nilidhani ni suala la dakika tano.

Jumatano nikaenda, mwanangu akinifuata nyuma na mpira wake wa matambara. Mwenyekiti wetu ni mzee aliyestaafu jeshini. Nilimkuta chini ya mwembe akirekebisha mpini wa jembe. Nilipomwambia kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, aliacha Kisoga akaingia katika Kiswahili alichojifunza kambini, kile ambacho mimi hukipiga vita ubaoni kila muhula. Nitayaacha maneno yake kama alivyoyatamka.

“Wewe nakaa hapa?”

“Ndiyo, mzee. Huu ni mwaka wa nane.”

“Miaka nane!” Akaliweka jembe chini. “Mimi naona wewe napita asubuhi, narudi jioni. Lakini jina yako mimi hapana jua. Kwa mkutano, mimi hapana ona wewe.”

Nafsi ya mwalimu iliyo ndani yangu ilitafuta kalamu nyekundu. Jina lako, mzee. Sijui, mzee. Sijakuona. Kabla sijaipata kalamu hiyo, akaendelea:

“Barua nasema, mimi mwenyekiti najua huyu mtu. Sasa mimi taandika nini? Uongo?”

Sikuwa na jibu. Wakati huo mpira ulimponyoka mwanangu ukabingirika hadi miguuni pa mzee. Uso wake ukabadilika.

“Kipa! Huyu mimi najua. Huyu nashika mpira sana. Wewe mama ya Kipa?”

Kumbe mwanangu ana jina mtaani ambalo mimi sikulijua. Kama barua ingekuwa ya Kipa, nadhani ingeandikwa palepale. Yangu ilihitaji mashahidi. “Leta majirani mbili,” mzee akasema. “Wao nasema najua wewe, mimi napiga muhuri.”

Njiani nilijaribu kukasirika, hasira ikakataa kuja. Usiku, taa ikiwa ya mshumaa tena, nilijihoji. Mimi ndiye ninayesimamia mdahalo wa shule kuhusu uongozi na uwajibikaji. Mimi ndiye niliyewaambia wanafunzi, tena kwa madaha, kwamba kwa mujibu wa sheria yetu ya serikali za mitaa baraza la kijiji si wale watu kumi wa halmashauri, bali ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Maana yake nilikuwa mjumbe wa baraza kwa miaka minane, na sikuwa nimehudhuria kikao hata kimoja. Mwezi wa Julai 2018, wenyeviti wa vijiji walipochaguliwa kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2001, wapiga kura walisimama katika mistari nyuma ya wagombea wao. Niliiona mistari hiyo uwanjani kwetu nikiwa juu ya pikipiki. Nilichomwambia dereva ni kwamba njia ile imejaa watu, tupite nyingine.

Neno baraza lenyewe lina masimango yake. Kwanza ni kile kibaraza cha mbele ya nyumba, mahali pa kuketi na kuzungumza na wapitao; kutokana na mazungumzo hayo likapata maana ya mkutano wa watu wanaoamua mambo. Mimi nilikuwa nimebaki na saruji tu.

Alhamisi nikatafuta mashahidi. Wa kwanza alikuwa kijana wa chapati. Nilimweleza shida yangu kwa aibu, naye akanijibu huku akipasua yai, “Wewe si Mayai Mawili? Nakujua. Shule ikifunguliwa huji asubuhi, ikifungwa unakuja kila siku.” Nilimuuliza yeye amekaa hapo muda gani. Miaka miwili. Alitoka Mbale akiwa hana mtu, na sasa ndiye aandikaye majina ya wanaohudhuria mkutano wa kijiji, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Nikamwomba karatasi. Hakuwa nayo. Nikafungua mkoba, nikatoa karatasi iliyokuwa juu, nikaandika maelezo ya ushahidi, naye akatia sahihi, kidole kimoja kikiacha alama ya mafuta.

Nilikuwa nimekwisha kufika kwenye mlango wa jirani, mwenye jogoo, nilipotambua kwamba nyuma ya karatasi hiyo ndiko kulikokuwa na rasimu yangu.

Sikurudi. Kurudi kungekuwa busara, lakini mama alikuwa amekwisha kuniona, na kigoda amekwisha kukivuta. Alinikalisha, akanipa viazi vitamu vilivyochemshwa na karanga. Tulizungumza Kisoga. Alisema alikuwa akinionea huruma, mwanamke kijana asiye na muda. Alisema pia, bila ubaya wowote, kwamba alidhani sisi walimu hatupendi kuingia nyumba za watu. Halafu akauliza kwa nini nataka tangi.

“Maji hayaji, mama.”

Alinitazama kama mtu anayetazama kalenda ya mwaka jana. “Maji huja saa tisa usiku. Hukuwa na habari? Mtaa mzima huamka. Mimi sina saa. Huamshwa na jogoo.”

Kiazi kilinikwama kooni. Nilitaka kucheka, nikashindwa kuamua nimcheke nani. Mama alichukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, taratibu. Kisha akaigeuza karatasi.

“Na huku nyuma kumeandikwa nini?”

Yeye hasomi Kiswahili. “Ni insha,” nikasema. Niliweza kusema hivyo siku moja tu baada ya mzee wa watu kuniuliza kama nataka aandike uongo.

Jumamosi ilikuwa siku ya kusafisha mtaro unaopita nyuma ya nyumba zetu, kazi ya pamoja ambayo Waganda huiita bulungi bwansi. Kwa miaka yote nilikuwa nikisikia majembe asubuhi ya siku kama hiyo, nikadhani halmashauri ya jiji imeleta vibarua, nikavuta shuka. Safari hii nilikwenda na jembe la kuazima. Sitawasimulia mengi. Mtaro ni mtaro: tope jeusi, chupa za plastiki, kandambili moja ya mguu wa kushoto. Viganja vyangu, vilivyozoea chaki, vilitoka malengelenge kabla ya saa nne. Kijana wa chapati aliandika jina langu katika daftari na kuniuliza kama linaandikwa kwa herufi moja au mbili. Wanawake walinifundisha kushika mpini kwa chini zaidi. Hakuna aliyenisifu kwa kuja, wala aliyeniuliza nilikuwa wapi, na hilo la pili liliniuma kuliko malengelenge.

Kazi ilipokwisha nilimpelekea mwenyekiti karatasi. Alivaa miwani, akasoma upande wa mashahidi, akaridhika. Kisha akageuza. Moyo wangu ukasimama, maana huyu Kiswahili anakisoma vizuri kabisa. Alisoma kwa midomo, mstari kwa mstari, utangulizi, kiini, hitimisho. Alipofika kwenye “mhusika” alinitazama juu ya miwani.

“Mwalimu, huyu mhusika nani?”

“Jogoo, mzee.”

Alikaa kimya kwa muda. Halafu akafungua kopo la muhuri, akaandika barua yangu kwenye karatasi safi, akaigonga muhuri kwa nguvu iliyotikisa meza. Ile ya mashahidi aliikunja akaitia mfukoni mwa shati, kama utaratibu unavyodai. Sikuthubutu kuidai. Katika barua ameandika kwamba ananijua, na kwamba mimi ni mama wa Kipa.

Usiku wa kuamkia Jumatatu sikuhitaji kengele. Saa tisa jogoo aliwika. Nilishuka kitandani, nikavaa kanga, nikayabeba madumu mawili hadi kwenye bomba la uani. Nilifungua. Likakohoa, likatema kutu, likakohoa tena, kisha maji yakaja. Mtaa mzima ulikuwa macho kwa namna ambayo sikuwahi kuijua: minong’ono, ndoo zikigongana, mtoto akilia kidogo na kubembelezwa, mwanga wa tochi juu ya kuta. Dumu la kwanza lilikuwa limefika nusu niliposikia kikohozi upande wa pili wa ukuta.

“Mwalimu, umeamka?”

“Nimeamka, mama.”

Pakawa na kimya, maji yakimiminika kwake na kwangu.

“Mwenyekiti alinisomea insha yako,” akasema. “Mhusika anakusalimu.”