Simamisha na Komesha: Tajiriba ya Kuandika Maelezo ya Amri

Mwaka 1978 Roy Willis alichapisha kitabu kuhusu sanaa simulizi ya Wafipa. Mimi sina kitabu. Ninayo kanda ya marehemu bibi yangu, akisimulia ngano kwa Kifipa nyumbani kwetu Sumbawanga. Niliihamishia kwenye kompyuta, kisha nikaandaa wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea usemi wa mtu na kuchagua amri ya kutekeleza.

Wakala huyo hana macho ya kuona vitufe. Hutegemea maelezo tuyaandikayo. Nami niliandika: “Simamisha: husimamisha sauti. Komesha: hukomesha sauti.”

Shangazi alipotaka kunifasiria neno moja gumu, alisema, “Hebu mama apumzike kidogo.” Wakala akakomesha. Tulipotaka kuendelea, ngano ilianza upya. Tulipapasa kupatafuta mahali pale hadi shangazi akachoka. Neno halikufasiriwa siku ile.

Kosa lilikuwa langu. Nilirudia jina la amri badala ya kulieleza, dosari ambayo wanaleksikografia huiita fasili ya mzunguko. Nikaandika upya: “Simamisha: hukatiza sauti kwa muda na kutunza mahali palipofikiwa. Tumia msikilizaji anapotaka kusema jambo kisha kuendelea. Usitumie anapomaliza kusikiliza. Hapo tumia Komesha. Kusudi lisipobainika, chagua Simamisha, kwani haipotezi kitu.”

Msomaji wa kamusi akikwama humwuliza jirani. Wakala hana jirani; ana sentensi zetu tu.

Likizo iliyofuata, shangazi aliomba tena mama apumzike. Sauti ilinyamaza, akanifasiria neno, ngano ikaendelea pale pale.