Kutoka Shinyanga hadi Geita

Tuliondoka Shinyanga baada ya swala ya Alfajiri, mimi na mama watoto, kwenda kumzuru mpwa wangu aliyelazwa Geita. Kazi yake ni kukata matimba, yale magogo ya kuegemeza mashimo ya dhahabu, naye hukaa msituni wiki nzima.

Hadi Tinde macho hayakuona ila mbuga wazi. Ndugu msomaji, uwazi huu una historia. Miaka ya 1920, Mwingereza Swynnerton, mtafiti wa mbung'o aliyefanya makao Shinyanga ya zamani, aliwakusanya Wasukuma kwa maelfu, kupitia kwa watemi wao, wafyeke vichaka. Hesabu yake haikuwa mbaya. Mbung'o hatagi mayai. Huzaa buu mmoja mmoja na kumweka katika udongo wenye kivuli. Kivuli kikiondoka, naye huondoka. Ng'ombe walipona, lakini ufyekaji ule, pamoja na kilimo cha pamba na kuni, uliiacha nchi uchi, hata Mwalimu Nyerere akaiita jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, na ngitili, malisho ya akiba ya wazee wetu, zikarudi.

Majangwa ya kweli yana mdudu wao. Huko Baringo na Turkana, Kenya, inzi mdogo wa mchangani hujificha katika vichuguu na kueneza kala-azar. Sisi wa huku twaujua ugonjwa wa malale.

Mpwa wangu alianza kwa homa na kichwa. Duka la dawa likamuuzia vidonge vya malaria, mara mbili, bila kipimo. Akaanza kusinzia mchana na kukesha usiku. Wenzake wakasema amerogwa. Mama yake ndiye aliyekataa, akambeba hadi hospitali, na tone la damu chini ya hadubini likaonyesha vimelea. Malale ya upande wetu huweza kuua kwa miezi michache tu.

Muuguzi alimtazama mama watoto, akamwambia kwa heshima kwamba mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu, hivyo baibui lake lisiende kuokota kuni msituni. Sitara, nikasema, haina rangi moja. Jioni ile akanunua kitambaa cha rangi ya udongo.

Tulipoaga, kijana aliniita pembeni. Alitaka kujua kama gari la matimba limekwisha ondoka.