Picha Mbili Kwenye Mlango wa Kanisa

Mwezi huu tufanye safari.

Ukitoka Goma unapita Sake, halafu barabara inapanda kona kwa kona mpaka Mushaki. Huko ni majani mabichi, ng'ombe, na fromaji ya Masisi. Upande mmoja ni Rubaya, kwenye koltani. Ukizidi kwenda, malisho yanaisha na msitu unaanza: ndiyo Walikale, kwenye kasiteriti ya Bisie. Nilipita njia hiyo mwaka 2017, mara kwa pikipiki, mara kwa miguu ndani ya matope. Tangu hapo vita vimehamisha wengi wa huko. Tuwakumbuke katika sala.

Usiku mmoja nililala kwa katekista mmoja mzee. Akanionyesha karatasi.

"Mwalimu, kijana wetu wa kwaya ametuletea matata."

Kijana huyo, mchimbaji, alikuwa amekata soli ya ndala kuukuu kwa wembe, akaipaka wino, akapiga chapa. Picha zilikuwa mbili. Kushoto, Yesu amepiga magoti anaosha miguu ya watu. Kulia, mkubwa wa kanisa amekaa kitini, mchimbaji anamwaga kifuko chake ndani ya kikapu chake. Hakuna neno lililoandikwa. Akabandika mlangoni usiku.

"Wazee wanataka afukuzwe. Wanaogopa. Wanakumbuka Kitawala ya mwaka 1944 hapa Masisi. Ile nayo ilitoka kwenye vitabu vidogo vya dini, ikaishia kwa damu Wabelgiji walipoizima. Huyu amemtukana Mungu?"

Nikamwambia: Mzee, mtoto wa mchimbaji alishafanya hivi. Baba yake Martin Luther, Hans, alifanya kazi ya shaba huko Mansfeld, Ujerumani. Mwaka 1517 Luther alipinga biashara ya barua za rehema. Sehemu ya pesa zile ilijenga Basilika la Mtakatifu Petro, na sehemu ililipa deni la askofu mkuu mmoja. Lakini watu wengi hawakujua kusoma. Basi mwaka 1521, mjini Wittenberg, karakana ya mchoraji Lucas Cranach ilitoa kitabu cha picha 26, mbilimbili. Walichora ubao, wakachonga mbao mpaka mistari ikabaki imesimama, wakapaka wino, wakakandamiza karatasi. Ubao mmoja unatoa mamia ya picha. Yesu anaosha miguu. Papa anabusiwa mguu. Yesu ana taji ya miiba. Papa ana taji ya dhahabu. Yesu anapindua meza za wafanyabiashara. Papa anauza barua.

"Kumbe! Na sisi Wakatoliki?"

Hapo ndipo penye hatari, Mzee. Mwaka 1529 wapinzani wa Luther walichapa picha yake ana vichwa saba. Mwaka 1545 Wittenberg ikatoa picha chafu kabisa juu ya Papa. Matusi yalipoingia, watu walicheka, hakuna aliyetubu. Ilichukua muda mrefu: mwaka 1999 ndipo Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi Augsburg kwamba tunaokolewa kwa neema. Picha yenye nguvu haikuwa ya kutukana. Ilikuwa ile iliyomweka Yesu kando yetu, tujipime wenyewe. Na kioo hicho kinafaa kila kanisa, la Luther pia.

Asubuhi Mzee alimwita kijana.

"Nani amekutuma?"

"Baba, hakuna. Natoa sadaka kila juma kutoka shimoni. Shimo linaweza kuniangukia. Nilitaka kujua tu inakwenda wapi."

Mzee alinyamaza. Halafu akaomba daftari la hesabu. Daftari halikuwapo. Jumapili ile hakuna aliyefukuzwa kwaya. Wazee walichagua watu watatu wa kuandika sadaka na kuisoma mbele ya wote, na kijana akawa mmoja wao.

Vijana, someni Yohana 13:1-15, halafu mjiulize: katika kanisa letu, daftari liko wapi? Nasi wenyewe tungechorwa upande gani?