Chambo Hai: Somo Nililopata Kyavinyonge

Sisi watu wa Butembo, nchi nzima inatujua kwa biashara na kwa kilimo cha milimani: maharagwe, viazi, kahawa. Mara chache mtu anatutaja kuwa wavuvi. Lakini ukifika sokoni asubuhi mapema na kuona mama wanafungua vikapu vya samaki ya chumvi na ya moshi, utajua kwamba Ziwa Edouard liko ndani ya vyungu vyetu kila siku. Katika kijitabu hiki cha mila zetu nataka kuandika juu ya jambo ambalo wengi wataona ni dogo sana: namna ya kuchagua samaki mdogo aliye hai ili awe chambo ya samaki mkubwa.

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka kumi na tano. Nyumbani pesa ya shule ilikosekana. Mama akanituma kwa kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa mvuvi kule Kyavinyonge, niende kumsaidia wakati wa likizo kubwa na kutafuta pesa yangu. Nilipanda gari ya mizigo mpaka Kyondo, kisha tukaanza kuteremka. Butembo iko kwenye zaidi ya mita 1,700, ziwa liko kwenye mita 912 hivi. Nilitoka nyumbani na koti, nikafika kando ya maji natoka jasho.

Wavuvi wengi walikwenda mbali na nyavu. Mjomba alikuwa amezeeka, hakupenda tena kwenda katikati ya ziwa. Alikuwa na mtumbwi mdogo wa mbao na makafi mawili, na alitega karibu na kando. Chombo yake ilikuwa mshipi mrefu wenye ndoano nyingi, kila ndoano mbali na ingine kwa pima moja, na jiwe kila upande la kuushikilia chini. Tuliutega jioni, tukautoa alfajiri. Hapo kando hatari ni kiboko. Mjomba alinikataza kabisa kupitisha mtumbwi kati ya kiboko na maji marefu, sababu kiboko akiona njia yake imefungwa, hatakungojea uombe samahani.

Samaki tuliyemtafuta ni yule mwenye ndevu ndefu na asiye na magamba, ambaye vitabu vya sayansi vinamwita Bagrus. Anakaa chini kabisa, na usiku anatoka kuwinda samaki wadogo. Chambo iliyokufa anaweza kuipita, lakini kitu kinachotikisika gizani anakifuata. Mara ingine tulipata kamongo. Huyo lazima apande juu kuvuta hewa, na kama mshipi umemzuia chini, asubuhi unamkuta amekwisha kufa ndani ya maji, yeye samaki! Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimemaliza ISP na kuanza kufundisha biolojia, nilisoma kwamba kwenye pwani ya California, kule Marekani, watu wanaingia baharini na mitumbwi midogo ya plastiki inayoitwa kayak kumtafuta samaki bapa, halibut, anayejilaza chini kwenye mchanga. Na wao wanamtegea samaki mdogo aliye hai. Nilicheka peke yangu. Mjomba angekuwa na mengi ya kuzungumza na hao watu.

Kuchagua chambo kulikuwa na sheria zake. Tulivua wale visamaki vya rangi rangi wanaoitwa Haplochromis, kwa ndoano ndogo na mnyoo, tukawaweka ndani ya beseni. Mjomba alilowanisha mikono kwanza, maana mkono mkavu unaondoa ule ute unaolinda ngozi ya samaki. Kisha alizungusha maji kwa kidole. Kisamaki aliyeogelea kupinga maji alichukuliwa. Aliyebebwa na maji alikwenda kwenye chungu chetu. Urefu wake usipite kidole cha kati. Ndoano ilipita kwenye ngozi ya mgongo, chini kidogo ya pezi, bila kugusa mfupa, ndipo angeishi mpaka usiku wa manane.

Sheria ya mwisho ndiyo iliyonishinda. Mjomba aliangalia kinywa cha kila kisamaki. Akiona mashavu yamejaa, alimrudisha ziwani. Nilifikiri ni ushirikina wa wazee. Sikujua kwamba Haplochromis jike, sawa na jike wa tilapia, anatunza mayai na watoto ndani ya kinywa chake.

Wiki ya tatu nilichoka na kazi ya kuvua kimoja kimoja. Niliazima kwa wenzangu kipande cha wavu wa macho madogo, nikaingia kwenye matete, kule samaki wanakozalia. Kwa dakika chache beseni ilijaa: watoto wa tilapia, na majike wenye mashavu yamejaa. Nilirudi nikijiona nina akili kumpita mzee. Mjomba akatazama ndani ya beseni, akanyamaza kwanza. Halafu akasema:

– Mwana wangu, uko naua mama na watoto yake mu kinywa. Wewe siku ingine utatega nini?

Nikamjibu kwamba wengine wote wanafanya vile, na mmoja wao amekwisha kununua redio. Hakubishana. Alinipa kafi, tukarudi matetei, tukawamwaga wote polepole. Giza lilikuwa limeingia. Usiku ule hatukutega hata ndoano moja, na usiku uliofuata upepo ulitukataza. Likizo ilipokwisha pesa yangu haikutosha, nikaanza mwaka wa tatu wa sekondari nimechelewa wiki mbili. Nilimchukia mjomba wiki zote hizo mbili.

Mwaka uliofuata, 1996, vita ikaingia. Mjomba alifariki baadaye, na ziwa likapata wageni wengi wenye bunduki na wenye njaa. Viboko wa Hifadhi ya Virunga, waliokuwa karibu 29,000 katikati ya miaka ya 1970, mwaka 2005 hawakufika 1,000. Siwezi kusema kwamba chambo ndiyo iliyoharibu ziwa. Vita, wingi wa mitumbwi na nyavu za macho madogo vimefanya mabaya makubwa zaidi. Sheria inakataza kuvua kwenye mazalio, lakini sheria bila mtu wa kuiamini ni karatasi.

Nilipomweleza mwanafunzi mmoja habari hiyo, akaniambia: «Mwalimu, nisipokamata mimi, mwingine atakamata.» Nilikosa jibu ya haraka, maana ni maneno yangu mwenyewe ya 1995. Na jioni ile nyumbani kwangu tulikula tilapia wadogo kama kiganja cha mtoto, sababu ndio tunaoweza kununua kwa mshahara wa mwalimu. Siandiki basi kama mtu asiye na kosa.

Hapo Ishango, pale Semliki inapotoka ziwani, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye alama zilizochongwa, unaosifiwa katika historia ya hesabu, pamoja na vyusa vya mifupa vya kuvulia samaki. Vina umri wa miaka kama 20,000. Kumbe watu wamevua hapo wakati huo wote, na samaki waliendelea kuwepo. Lazima walikuwa na mtu wa kuwaambia: huyu rudisha.

Ndugu msomaji, mila si ngoma na mavazi peke yake. Kama una mzee aliyevua Kyavinyonge, Vitshumbi au Nyakakoma, mwulize alichagua chambo namna gani, na uandike. Mimi mwanafunzi wangu nilimjibu wiki iliyofuata. Nilileta darasani beseni ya maji na tilapia jike niliyemnunua akiwa hai kwa mwenye bwawa. Tukafungua kinywa chake polepole, kwa mikono iliyolowana. Watoto wakatoka kuogelea, kisha wakarudi ndani wenyewe. Darasa lote lilinyamaza, na yule kijana ndiye aliyeomba kumrudisha bwawani.